Transfa ya Defender iliyofunguliwa nyumbani: inalia, inaruka kwenye lo na kunyonya oili ya giaboksi

Swali: Mtaalamu, nina Land Rover Defender 110 ya injini ya 300Tdi, ninaitumia kuteremsha mboga kutoka Mgeta hadi Morogoro mjini. Transfa, lile boksi la gia linalopokea nguvu ya giaboksi kubwa na kuigawa mbele na nyuma, ilikuwa inavuja, nikaishusha mwenyewe nyumbani, nikabadilisha beringi, sili na gasketi zote, kisha nikairudisha. Sasa inalia ninapokanyaga mafuta, lo (gia nzito ya transfa) inaruka yenyewe nikishuka mlima, taa ya difloku (kifungio cha difu ya katikati) haiwaki kabisa, na juzi nilipofungua nati ya kupimia oili ya transfa, oili ilimwagika nyingi wakati ile ya giaboksi kubwa imepungua. Spesa, yaani kile kibomba kifupi kilicho kati ya beringi za shafti ya kati, niliirudisha ileile kwa sababu ilionekana nzima. Je, niishushe tena, au kuna ninachoweza kurekebisha ikiwa garini?

Jibu: Ndugu yangu, transfa hiyo itabidi ishuke tena, lakini isishuke kabla hujaipima ikiwa garini. Ukishaiweka juu ya meza hutaweza tena kuisikiliza ikifanya kazi, na utabaki kukisia chanzo cha kila tatizo kwa kuangalia vyuma vilivyonyamaza. Katika mambo manne uliyoyataja, mawili huenda yakatibika kwa spana tu bila kugusa gia, moja nina hakika kubwa kwamba linatokana na ile spesa, na lile ulilolitaja kama jambo la juzi tu, yaani oili kuhama, ndilo ambalo mimi ningesimamisha gari kwa ajili yake leo hii.

Kabla ya yote, usipande Mgeta na mzigo kwa sasa. Lo inaporuka mteremkoni, transfa inakuwa nyutro, injini inaacha kulizuia gari papo hapo, na uzito wote unabaki kwenye breki za mguu, ambazo hupata moto upesi katika mteremko mrefu. Hendibreki ya Defender inashika shafti ya nyuma inayotoka kwenye transfa, kwa hiyo bado ingefanya kazi hata transfa ikiwa nyutro, lakini hiyo ni breki ya kuegeshea. Ukiivuta gari likiwa linakwenda inaweza kufunga mfumo wote wa nyuma kwa kishindo. Isitoshe, transfa iliyojaa oili kupita kiasi huisukuma kupitia sili ya nyuma, na oili hiyo huangukia moja kwa moja ndani ya dramu ya hendibreki hiyohiyo.

Transfa yako ni LT230, ambayo Land Rover waliifunga kwenye One Ten (jina la awali la Defender 110) kuanzia mwaka 1983 na kuendelea nayo kwenye Defender. Nitaeleza njia ya mzunguko ndani yake, kwa sababu vipimo vyote nitakavyokupa vinaitegemea. Gia ya kuingizia imevaa meno ya mkia wa shafti kuu ya giaboksi. Gia hiyo inazungusha fungu la gia tatu zilizo kipande kimoja juu ya shafti ya kati, na fungu hilo linazungusha gia mbili zilizokaa kwenye difu ya katikati, moja ya hai (mwendo wa kawaida) na nyingine ya lo (mwendo mzito). Gia hizo mbili huzunguka bure mpaka slivu, yaani pete yenye meno, iteleze na kuishika mojawapo, na hapo ndipo difu ya katikati inapopata nguvu na kuigawa mbele na nyuma wakati wote. Difloku yenyewe ni slivu nyingine, iliyo kwenye nyumba ya shafti ya mbele, ambayo hufunga shafti hiyo na mwili wa difu ili propela (shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye ekseli) ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa.

Tuanze na oili. Giaboksi yako ya R380 inatumia oili nyepesi, ATF au MTF94, na inachukua karibu lita 2.67, wakati transfa inatumia EP90 nzito, karibu lita 2.3. Egesha gari mahali tambarare likiwa limepoa, weka chombo safi chini ya transfa, umwage oili yote na kuipima kwa chupa yenye alama. Ikitoka lita tatu na ushee, na ukiisugua kati ya vidole ukaiona nyepesi na yenye rangi iliyobadilika kuliko EP90 uliyoweka, basi umethibitisha kwamba oili ya giaboksi inaingia kwenye transfa. Usiridhike na kuongeza oili kwenye giaboksi na kuendelea na safari. EP90 iliyochanganyika na ATF haizilindi vizuri beringi na gia za transfa zilizobeba mzigo, na giaboksi inayoendelea kupungukiwa itaanza kula beringi zake kabla hujasikia sauti yoyote.

Kinachotenganisha oili hizo mbili ni sili zilizo pale giaboksi na transfa zinapokutana, yaani ile ya nyuma ya giaboksi na ile ya mdomo wa mbele wa transfa. Kabla hujazilaumu, chunguza mabomba ya kupumulia, kwani kazi hiyo haigharimu kitu. Kila boksi lina bomba lake linalotoka juu. Lifungue, puliza, kisha angalia tundu la bolti iliyolishika. Kwenye matengenezo ya nyumbani nimeona mara nyingi gundi ya gasketi imeziba tundu hilo, au bomba limekunjwa na kubanwa kati ya sakafu na transfa wakati wa kuipandisha. Boksi lisiloweza kupumua hujenga shinikizo linapopata moto, na shinikizo hilo huisukuma oili kupita hata sili mpya. Bomba likiwa limeziba, zibua, weka oili mpya pande zote mbili, kisha endesha kidogo bila mzigo na upime tena. Bomba likiwa wazi, basi mdomo wa sili umechanika au umekunjika, na hapo hakuna njia ila kushusha.

Sababu ya sili mpya kuchanika siku ileile ya kufungwa ni rahisi kueleweka kwa mtu aliyewahi kuipandisha transfa hii kwa jeki ya kawaida. Ni nzito, inaning'inia upande mmoja, na fundi anapoitikisa ili meno ya shafti yaingiane, makali ya meno hayo yanapita juu ya mdomo wa sili kama msumeno. Nitarudi hapo tutakapofika kwenye kuirudisha.

Sasa mlio, oili ikiwa imeshajazwa tena pande zote mbili. Usiseme tu kwamba transfa inalia, bali itenge sehemu kwa sehemu. Zuia magurudumu yote kwa mawe au magogo, vuta hendibreki, weka lever ya transfa katikati kabisa kwenye nyutro, kisha washa injini. Giaboksi ikiwa nyutro na klachi umeiachia, shafti ya chini ya giaboksi inazunguka lakini transfa imetulia, kwa hiyo sauti utakayoisikia hapo ni ya giaboksi. Kisha tia gia ya nne na uachie klachi taratibu. Gia ya nne ya R380 ni ya moja kwa moja, kwa hiyo giaboksi haiongezi kelele nyingi ya kwake, ilhali gia ya kuingizia na fungu la gia za shafti ya kati vyote sasa vinazunguka huku gari limesimama. Chukua bisibisi ndefu, ncha yake iguse kwenye mwili wa transfa karibu na kila beringi, mpini wake uuweke kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Beringi nzima hutoa mvumo laini usiobadilika, na beringi yenye kasoro au iliyokazwa vibaya hutoa mkwaruzo unaousikia waziwazi ukiihamisha ncha kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Nguo zilizolegea, mikono na nywele viwe mbali na propela muda wote, na mtu akae kwenye usukani mguu ukiwa juu ya breki.

Kipimo hicho kinakamata beringi, lakini hakikamati mlio unaotokea chini ya mzigo tu, na ndio unaoulalamikia. Kwa huo nenda barabarani, mahali tambarare pasipo na magari. Uwiano wa hai kwenye Defender yako ni 1.41 na wa lo ni 3.32, kwa hiyo kwa gia ileile ya giaboksi, mwendo wa kilomita 47 kwa saa kwenye hai na wa kilomita 20 kwa saa kwenye lo ni mzunguko uleule wa injini. Endesha gia ya tatu kwenye hai kwa kilomita 47, ukanyage kidogo, uachie, usikilize. Kisha simama, tia lo, fanya vilevile kwa kilomita 20. Mlio ukiwa na sauti ileile pande zote mbili, unatoka kwenye gia ya kuingizia au fungu la shafti ya kati, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyozunguka kwa mwendo uleule katika hali zote mbili. Ukisikika kwenye hai tu, angalia gia ya hai na bushi yake. Na ukiwa unafuata mwendo wa gari bila kujali uko gia gani, acha transfa na ukague propela, krosi zake na difu za ekseli.

Kwa maelezo yako natarajia jibu la kwanza, na sababu yake ni ile spesa. Spesa ya shafti ya kati imetengenezwa ili iminywe mara moja tu. Nati inapokazwa, spesa mpya inajikunja kidogo kidogo na kupinga, na upinzani huo ndio unaokuwezesha kufika kwenye mkazo sahihi wa beringi na kusimama hapo. Iliyokwisha kuminywa imebaki na urefu uliozifaa beringi za zamani, na ukiweka beringi mpya zenye tofauti ndogo tu ya upana, ama zitabaki na nafasi, ama utaiminya tena kupita kiasi. Kwa macho itaonekana nzima kabisa. Beringi zikibaki na nafasi, meno ya gia hizi yaliyokatwa kwa mshazari hulisukuma fungu zima upande mmoja unapokanyaga mafuta na upande wa pili unapoachia, ndiyo maana sauti hubadilika kwa mguu wako. Zikibanwa mno zinapata moto. Ukitaka kujua uko upande gani, endesha bila mzigo mwendo wa dakika 20 hivi, kisha usogeze mkono polepole karibu na mwili wa transfa kwenye usawa wa shafti ya kati: joto kali linaloonekana kukusanyika hapo kuliko sehemu nyingine za boksi ni dalili ya beringi zilizobanwa.

Ukiwa chini ya gari na oili imeshamwagwa, fungua kifuniko cha chini cha transfa. Kutoka hapo utaziona gia za shafti ya kati bila kushusha chochote. Shika fungu hilo kwa vidole na ujaribu kulisukuma mbele na nyuma. Lisicheze hata kidogo kwa kuhisika. Lizungushe taratibu na uangalie alama za kukutana kwa meno, ambazo zinapaswa kuwa katikati ya jino, si ukingoni. Uji mwepesi wa chuma ulioshika chini ni wa kawaida kwa beringi mpya, lakini vipande vinavyokwaruza ukivisugua kati ya vidole ni habari nyingine, na vikiwepo usiiwashe tena mpaka umejua vimetoka wapi.

Kuhusu lo kuruka, watu wengi hukimbilia kununua slivu na gia, ilhali kwenye boksi lililotoka kufungwa ningeanza na vyuma vya kuunganishia lever. Achanisha fimbo inayotoka kwenye lever ya ndani ya gari pale inapoungana na mkono wa transfa, kisha usogeze mkono huo kwa koleo mpaka lo iingie na usikie gololi ikiangukia kwenye mfereji wake. Weka alama kwa kalamu pale mkono ulipofika. Rudisha fimbo, mwambie mtu atie lo kwa lever kama kawaida, na uangalie kama mkono unafika kwenye ile alama. Usipofika, slivu imeshika nusu ya meno tu, na mzigo ukigeuka mteremkoni lazima itoke. Fimbo ina nati ya kufungia na inarekebishika urefu, kwa hiyo irekebishe mpaka mwendo wa hai na wa lo uwe sawa kutoka nyutro. Angalia pia kama mpira wa lever au sakafu inaizuia isifike mwisho, na kama maunti za mpira zinazobeba boksi zimelegea au zimefungwa zikiwa zimejipinda, kwa sababu boksi linalojipindua juu ya maunti zake hujivuta lenyewe kutoka kwenye gia.

Mkono ukifika kwenye alama na lo bado inaruka, fungua nati iliyofunika springi na gololi pembeni. Springi iliyochoka, iliyokatika au iliyosahaulika haishiki kitu. Baada ya hapo tu ndipo utakapofikiria uma ulio ndani, skrubu inayoushikilia kwenye fito, na kingo za meno ya slivu. Meno hayo yakishaviringika ncha hayarekebishiki kwa tupa, wala usijaribu.

Taa ya difloku haina uhusiano na kitu kizito. Chomoa waya mbili kwenye swichi iliyo juu ya nyumba ya shafti ya mbele, uziunganishe huku swichi ya gari ikiwa imewashwa. Taa ikiwaka, balbu na waya ni vizima, na swichi ndiyo haikurudishwa mahali pake. Tia difloku, legeza nati ya swichi, izungushe kuingia ndani taratibu mpaka taa iwake, ongeza nusu mzunguko, kisha kaza nati. Lakini usiiamini taa kabla ya kuthibitisha kwamba difloku yenyewe inashika. Giaboksi iwe nyutro, transfa kwenye hai, hendibreki imevutwa, magurudumu yaliyo chini yamezuiwa. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, weka stendi, ulizungushe kwa mkono. Difloku ikiwa imefunguliwa litazunguka kwa uzito kidogo, na ikiwa imeshika halitazunguka. Kumbuka kwamba slivu haiingii mpaka meno yaelekeane, hivyo huenda ukahitaji kusogeza gari mita moja au mbili baada ya kusukuma lever, na vivyo hivyo kutoka huchelewa ikiwa umeendesha ikiwa imefungwa kwenye lami.

Sasa tufike kwenye kushusha, kazi utakayoifanya mara moja kwa ajili ya sili na spesa pamoja. Nenda dukani na namba iliyochongwa kwenye boksi, ile inayoanza na 22D kwa Defender yenye uwiano wa 1.41, kwa sababu LT230 za miaka tofauti na za Discovery zinatofautiana vipuri, na muuzaji wa Kariakoo atakupa anachokidhani ukimtajia jina la gari tu. Nunua spesa mpya, pete za mpira za ncha zote mbili za shafti ya kati, nati mpya za kugongwa na sili zote mbili za kati ya maboksi. Tundu la shafti ya kati kwenye mwili wa boksi ulifute mpaka ling'ae na ulikague kwa tochi. Ukiona mchoro wa kahawia au sehemu iliyolika, shafti imekuwa ikicheza humo, pete ya mpira pekee haitazuia uvujaji, na boksi litahitaji kutiwa bushi kwa fundi wa mashine. Huo huenda ndio uliokuwa uvujaji wako wa mwanzo.

Mkazo wa beringi upimwe kwa mzani wa springi na uzi uliozungushwa kwenye gia, kwa kipimo cha kitabu cha boksi lenye namba yako, huku ukikaza nati kidogo, ukizungusha gia mara kadhaa ili beringi zikae, ukipima, ukiongeza. Ukipitiliza, usiirudishe nyuma nati ukidhani umetengeneza. Spesa hiyo imekwisha, weka nyingine. Ni vizuri kununua mbili tangu mwanzo.

Wakati boksi liko chini, shika mkia wa shafti kuu ya giaboksi uyatazame meno yake kwa makini. Kwenye giaboksi za R380 na LT77 iliyoitangulia meno haya hulika yakikosa oili, na ndiyo sababu gia za kuingizia za baadaye zilitobolewa matundu ya kuyapelekea oili. Yakiwa yamekuwa membamba kama makali ya kisu, siku moja gari litagoma kwenda gia zote, na ni afadhali ulijue hilo sasa ukiwa kwenye ua wako.

Kuirudisha, tengeneza misumari miwili ya kuongozea kwa bolti ndefu zilizokatwa vichwa, uizungushie kwenye matundu ya giaboksi, ili transfa iteleze juu yake ikiwa imenyooka. Paka midomo ya sili oili safi, na tumia jeki inayoweza kubeba boksi likiwa limekaa sawa. Ikigoma kuingia, zungusha flenji ya nyuma kwa mkono huku transfa ikiwa kwenye gia mpaka meno yaelekeane. Usiivute kwa bolti.

Ikishafungwa, jaza oili mpya kila upande mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kupimia, endesha umbali mfupi bila mzigo, iache ipoe usiku kucha, kisha pima maboksi yote mawili kabla ya kuwasha. Usawa ukibaki palepale, rudia vipimo vya mlio na vya lo kwenye mteremko mfupi usio na hatari kabla ya kupakia mzigo. Oili ikihama tena ilhali mabomba ya kupumulia yako wazi, usibadilishe sili kwa mara nyingine kabla hujapitisha ukucha juu ya kola inayosuguana na sili ya nyuma ya giaboksi. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, kola hiyo ndiyo inayopaswa kubadilishwa.